Kutoka Ukungu hadi Sumukuvu: Historia ya Kuyataja Maradhi ya Kuvu kwa Kiswahili

Utangulizi

Mji wa Babati uko kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya mlima Kwaraa, katika barabara kuu inayounganisha Arusha na Dodoma. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipoundwa kwa kuugawa Mkoa wa Arusha, mji huo umekuwa makao makuu ya mkoa. Asubuhi za msimu wa mvua mlima hufunikwa na ukungu. Katika mji huohuo, gunia la mahindi lililofungwa kabla hayajakauka vizuri likifunguliwa, husemwa kwamba mahindi yameota ukungu. Msemaji wa Kiswahili hutumia neno moja kwa mambo hayo mawili wala hachanganyikiwi, kwa kuwa muktadha humwonyesha kinachokusudiwa. Yote mawili ni utando unaokifunika kitu na kukififiza. Hata hivyo, ukungu wa gunia ni kiumbe hai, na pengine una sumu ambayo jicho haliioni. Juu ya hayo neno ukungu halisemi lolote.

Mhadhara huu unachunguza jinsi Kiswahili kilivyoyataja, katika vipindi mbalimbali, maradhi yanayowapata binadamu kutokana na kuvu. Hoja yake kuu ni kwamba tangu zamani lugha hii imeyapa maradhi hayo majina kwa kufuata alama zinazoonekana mwilini, na kwamba utaratibu huo ulitosha maadamu ugonjwa ulikuwa juu ya ngozi. Ulipotokea ugonjwa ambao chanzo chake kimo ndani ya chakula, na ambao hauachi mwilini alama yoyote ya kuvu, majina ya alama hayakufaa tena. Ikawa lazima kukitaja chanzo chenyewe. Istilahi sumukuvu ni zao la haja hiyo. Kueleweka au kutoeleweka kwake ni suala linalogusa uhai wa watu, kama matukio ya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara yalivyodhihirisha.

Majina yatokanayo na alama

Kuvu ni kundi kubwa la viumbe linalojumuisha uyoga, hamira na ukungu wa vyakula. Kwa muda mrefu wataalamu waliziweka kuvu pamoja na mimea, hadi mwaka 1969 Robert Whittaker alipopendekeza mgawanyo wa viumbe ulioziweka katika himaya yake pekee. Miongoni mwa maelfu ya aina zinazojulikana, ni chache zinazomdhuru binadamu. Lakini hizo chache zimepewa majina mengi katika Kiswahili. Mapunye ni mabaka ya kichwani yanayonyonyoa nywele, nayo huwapata zaidi watoto wa umri wa shule. Choa, ambayo wengine huiita mabarango, ni mabaka ya mviringo yanayotanuka juu ya ngozi. Utangotango ni madoa yanayoenea shingoni, kifuani na mgongoni. Mba ni magamba yanayowasha, na mara nyingi nayo huhusishwa na kuvu.

Majina haya yana sifa mbili zinazostahili kuzingatiwa. Kwanza, kila moja linaambatana na sura fulani: duara, doa, gamba au upara wa mabaka. Anayelisikia jina hupata picha, na anayeiona picha hulipata jina. Pili, yanatumika kisarufi kama majina ya hali, si ya viumbe. Mtu huwa na mapunye, hutokwa na choa, hushikwa na mba. Katika sentensi hizo hakuna kiumbe kinachotajwa kuwa kimeingia mwilini na kukaa humo.

Itakuwa kosa kuuona utaratibu huu kuwa upungufu wa Kiswahili. Kiingereza hadi leo kinaiita choa kwa jina lenye maana ya mnyoo wa duara, ilhali hamna mnyoo wowote. Katika Ulaya yenyewe, chanzo cha maradhi haya hakikujulikana hadi mwaka 1839, Johann Lukas Schönlein alipoona kuvu katika vigaga vya ugonjwa wa ngozi ya kichwa unaofanana na mapunye. Miaka michache baadaye David Gruby, aliyefanya kazi Paris, aliuthibitisha na kuupanua ugunduzi huo. Robert Koch alitangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882. Hivyo basi, kuvu ya kichwani ni miongoni mwa viumbe wadogo wa kwanza kabisa kuthibitishwa kuwa chanzo cha maradhi ya binadamu. Wataalamu waliyajua mapunye kabla ya kukijua kifua kikuu kwa zaidi ya miaka 40.

Upande wa pili wa msamiati huu ni ule wa ghalani na jikoni. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson, kwa niaba ya Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, ina maneno ukungu na kuvu kwa maana ya kile kinachoota juu ya vitu vyenye unyevu. Katika matumizi ya kila siku, kuvu ilikuwa jambo la chakula, nguo na ngozi za viatu, na choa ilikuwa jambo la mwili. Mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuona udugu baina ya mahindi yaliyovunda na mabaka ya kichwani mwa mwanawe. Msamiati uligawanyika sehemu mbili, na mgawanyiko huo ndio uliokuja kuleta tatizo baadaye.

Neno fangasi na mipaka yake

Neno lililoelekea kuziunganisha sehemu hizo mbili ni fangasi, lililokopwa kutoka Kiingereza na kuenea kupitia zahanati, maduka ya dawa na vitabu vya sayansi. Kwa asili yake neno hilo hutaja kundi zima la viumbe. Hata hivyo, kama inavyotokea kwa mikopo mingi, maana yake ilibanwa lilipoingia katika matumizi ya watu. Mtu husema ana fangasi za miguuni au fangasi za kucha, naye hukusudia ugonjwa. Vitabu vya afya huandika fangasi hawa, kwa ngeli ya viumbe. Mabadiliko hayo ya ngeli yanaonyesha kwamba neno lina maana mbili zinazoishi pamoja, yaani kiumbe na mwasho unaoletwa na kiumbe huyo.

Matokeo yake ni kwamba fangasi ikawa neno la ngozi na la sehemu za siri. Ni nadra kumsikia mnunuzi sokoni akisema mahindi haya yana fangasi; atasema yana ukungu, au yamevunda, au ni mabovu. Mkopo uliotarajiwa kuunganisha ghala na mwili ukaishia upande wa mwili.

Aidha, yapo maradhi ya kuvu ambayo hata neno fangasi halikuyafikia, kwa sababu yamepewa majina ya mahali yanapouma. Homa ya uti wa mgongo ni mfano ulio wazi. Kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika hatua ya juu, chanzo kimojawapo kikubwa cha ugonjwa huo ni kuvu iitwayo Cryptococcus. Makadirio ya mwaka 2020 kwa dunia nzima yalikuwa wagonjwa wapatao 152,000 na vifo vipatavyo 112,000, vingi vikiwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuipima kuvu hiyo mapema katika damu, pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, na Cryptococcus neoformans ikawa katika kundi la hatari zaidi. Pamoja na hayo, jina la Kiswahili la ugonjwa wake linataja uti wa mgongo tu. Kuvu imefichwa na jina.

Batamzinga, karanga na sumu isiyoonekana

Hadi katikati ya karne ya 20, elimu ya kuvu na maradhi ilihusu zaidi kuvu zinazoota ndani ya mwili au juu yake. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizotoka Brazili. Mwaka uliofuata, watafiti waliochunguza sampuli ya karanga kutoka Uganda iliyokuwa na sumu kali walikipata chanzo chake: kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kutokana na jina la kuvu hiyo ikaundwa istilahi ambayo kwa tahajia ya Kiswahili huandikwa aflatoksini. Afrika ya Mashariki, kwa hiyo, ilikuwamo katika historia ya sumu hii tangu mwanzo wake.

Kuvu hii huishi udongoni. Hulishambulia hindi likiwa bado shambani, hasa mmea unapoteswa na ukame, na huendelea kuzaana ghalani nafaka ikihifadhiwa na unyevu. Haihitaji kumwota binadamu ili imdhuru. Huacha sumu ndani ya punje, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali wala uji. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini na kuleta saratani, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Utafiti uliochapishwa mwaka 1971 kuhusu vyakula vya Uganda, na mwingine wa mwaka 1973 kuhusu Murang'a nchini Kenya, ulikuwa miongoni mwa tafiti za mwanzo duniani kuhusisha kiasi cha sumu hii katika vyakula na saratani ya ini. Mwaka 1987 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Ikiliwa kwa wingi katika muda mfupi, sumu hiyo huua kwa siku au majuma. Mwaka 2004, katika Kenya mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Mwaka 2016 katika Dodoma na Manyara

Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kuugua katika vijiji vya Dodoma, kuanzia Wilaya ya Chemba. Walitapika, waliumwa tumbo, macho yao yaligeuka manjano, na wengine walivimba tumbo. Taarifa za mwanzo katika magazeti na redio ziliuita ugonjwa usiofahamika. Uchunguzi wa mamlaka za afya ulipokamilika ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa aflatoksini katika mahindi. Kwa jumla wagonjwa 68 waliorodheshwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki.

Maneno ugonjwa usiofahamika yanastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi wa lugha. Alama zilizoonekana mwilini zilikuwa na majina: manjano, kutapika, kuvimba tumbo. Majina yote hayo yalielekeza fikra kwenye nyongo, ini, homa, au chakula kilicholiwa siku ile. Hakuna hata moja lililoelekeza kwenye gunia lililokuwa ndani ya nyumba tangu mavuno. Mpaka wa msamiati uliotajwa hapo awali, baina ya kuvu ya ghalani na ugonjwa wa mwilini, ulikuwapo katika kila mazungumzo, na gunia liliendelea kuliwa.

Mahali penyewe palizidisha ugumu. Eneo linaloanzia Chemba na Kondoa hadi Babati na Mbulu linajulikana na wanaisimu kwa kukutanisha lugha za asili mbalimbali. Katika Babati na vijiji vyake husikika Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni lugha za Kikushi. Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu. Na Kidatoga, ambayo ni ya Kiniloti. Kusini zaidi wako Wasandawe, wenye lugha ya vidoko. Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni, shuleni na zahanati. Onyo la serikali lilipotolewa lilitolewa kwa Kiswahili, na kwa wasikilizaji wengi lilikuwa onyo katika lugha ya pili. Neno lililotumika katika onyo lilipaswa kujieleza lenyewe.

Sumukuvu kama istilahi

Neno lililoenea katika kampeni za elimu zilizofuata ni sumukuvu. Huandikwa kama neno moja au mawili, na hutumiwa kwa aflatoksini na pia kwa sumu nyingine za kuvu, kama vile fumonisini. Kimuundo ni nomino ambatani iliyoundwa kwa nomino mbili, nomino ya kwanza ikiwa kichwa na ya pili ikiifafanua, kama ilivyo katika askari kanzu, punda milia au hata batamzinga. Faida zake ni bayana. Sehemu zake zote mbili ni maneno ya zamani yanayojulikana, na kwa mara ya kwanza neno moja linaunganisha ghala na kifo. Kwa msikilizaji wa kawaida, aflatoksini haisemi kitu. Sumukuvu inasema mambo mawili kwa pamoja.

Hata hivyo, uhusiano baina ya sehemu hizo mbili haukutajwa, na hapo ndipo penye utata. Kiswahili kinapotumia kihusishi -a baada ya sumu, kina maana mbili zinazopingana. Sumu ya nyoka ni ile anayoitoa nyoka, lakini sumu ya panya ni ile inayomuua panya. Mkulima amezoea maana ya pili dukani, anakonunua sumu za kuulia wadudu na panya. Mtu asiyeelezwa anaweza kuielewa sumukuvu kuwa dawa ya kuua kuvu, au kuwa masalia ya dawa iliyotiwa katika nafaka. Uambatani umefupisha neno, na kwa kufanya hivyo umeondoa alama ambayo ingemwongoza msikilizaji.

Utata wa pili ni wa kina zaidi. Katika matumizi ya Kiswahili, sumu huwa na mtu nyuma yake. Sumu hutiwa, hunyweshwa, hulishwa. Vitenzi vyake ni vya kutendesha, na mtendaji wake ni binadamu mwenye nia. Watu wa nyumba moja wanapougua baada ya kula pamoja, neno sumu peke yake huelekeza swali kwa nani, kabla halijaelekeza kwa nini. Sumukuvu haina mtiaji. Inatoka katika udongo, ukame na unyevu. Ili istilahi hii ifanye kazi yake, msikilizaji hana budi kukubali dhana ngeni kwamba ipo sumu ambayo hakuna aliyeitia. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na neno moja. Inahitaji sentensi nzima, na mtu wa kuitamka mbele ya wanaohusika.

Utata wa tatu unahusu kuvu na kuonekana kwake. Neno kuvu humrudisha msikilizaji kwenye utando anaoujua. Atalitazama hindi, naye asipoona utando atasema ni salama. Lakini punje isiyo na ukungu unaoonekana inaweza kuwa na sumu. Alama, iliyokuwa msingi wa majina ya mapunye na choa, hapa inadanganya. Ndiyo maana viwango hupimwa kwa maabara: viwango vya Afrika ya Mashariki vinaruhusu katika mahindi mikrogramu 10 tu za aflatoksini kwa kila kilo, na 5 kwa aina ya B1 iliyo kali zaidi.

Maarifa ya ungo

Pamoja na utata huo, Kiswahili cha jikoni kina hazina ambayo istilahi inaweza kuegemea. Vitenzi kuanika, kupepeta, kuchambua na kukoboa vinataja kazi ambazo sayansi imethibitisha kuwa ni kinga. Katika Babati hasa, tafiti zilizochapishwa mwaka 2016 zilichunguza mahindi ya wilaya hiyo kabla ya kuvunwa, na pia athari za kuyasafisha, kuyachambua na kuyakoboa. Zilionyesha kwamba uchafuzi huanza shambani, na kwamba kuchambua na kukoboa hupunguza sumu. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, ambazo anayechambua huzitupa nje ya ungo, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu.

Ujuzi huo una mpaka wake pia. Njaa ikiingia, mabovu hayatupwi. Huenda katika pombe au katika chakula cha kuku na ng'ombe. Sumu iliyoliwa na ng'ombe huonekana tena katika maziwa. Vilevile, dona inayosifiwa kwa lishe yake hubaki na sehemu ya punje ambayo kukoboa kungeiondoa. Kwa hiyo ushauri unaotolewa baada ya 2016 huanzia mbali zaidi ya ungo: kuanika juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuhakikisha unyevu umeshuka hadi asilimia 13 au chini yake, na kuhifadhi katika vihenge vya chuma au mifuko isiyopitisha hewa. Babati imekuwa miongoni mwa wilaya zilizohusishwa katika mradi wa serikali wa kudhibiti sumukuvu, uitwao TANIPAC, ulioanza mwaka 2019.

Mbinu moja inaipima istilahi kuliko nyingine zote. Mwaka 2018 Tanzania ilisajili Aflasafe TZ01, bidhaa iliyotengenezwa kwa kuvu za asili za nchini ambazo ni jamaa wa ile ya hatari ila hazitoi sumu. Humwagwa shambani kabla mahindi hayajachanua, zikachukua nafasi ya zile zenye sumu. Mkulima anayefahamu neno sumukuvu kuwa kitu kimoja kisichogawanyika atashangaa kuambiwa atie kuvu shambani ili kujikinga na kuvu. Anayezifahamu sehemu zake mbili ataelewa mara moja kwamba kuvu ni kiumbe, sumu ni zao lake, na kwamba yawezekana kuwa na cha kwanza bila cha pili. Hapa muundo wa neno, uliokuwa chanzo cha utata, unakuwa ufunguo wa maelezo.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ina hatua tatu. Katika ya kwanza lugha ilitaja alama, nayo ikatosha kwa maradhi ya ngozi. Katika ya pili ilikopa jina la kiumbe, lakini jina hilo likabanwa na kuwa jina la mwasho. Katika ya tatu iliunda neno linalotaja chanzo kisichoonekana, na neno hilo bado linatafuta maana yake kamili midomoni mwa watumiaji.

Kazi ya asasi za lugha kwa kawaida huhesabiwa kuwa imekamilika istilahi inapoundwa na kusanifishwa. Mfano wa sumukuvu unaonyesha kwamba hapo kazi imefika nusu. Watunga kamusi wanapaswa kuiingiza pamoja na maelezo yanayoondoa utata wa sumu ya nyoka na sumu ya panya. Walimu wanapaswa kuiunganisha na kuanika, kuchambua na kukoboa, maneno ambayo mwanafunzi amekuja nayo kutoka nyumbani. Watafiti wa lugha za Babati, Kondoa na Mbulu nao wanapaswa kuchunguza jinsi dhana hii inavyosemwa katika Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi, Kimbugwe na Kidatoga, kwa kuwa uamuzi wa kula au kutokula mahindi ya gunia fulani hufanywa nyumbani, katika lugha ya nyumbani. Waliofariki mwaka 2016 walikuwa na maneno ya kutosha kuueleza ugonjwa wao. Walichokosa ni neno la kuwaelekeza kwenye gunia.